Mwalimu Aliyeshuka Bondeni

Ukiona dereva wa Kibiti anaachia klachi taratibu mno, kama mtu anayetoka chumba alicholala mtoto mchanga, ujue amepita mikononi mwa Mwalimu. Jina lake ninalijua, ila sikuwahi kulitamka mbele yake na sitaanza leo. Mji mzima ulimwita Mwalimu wa Gari, na sisi wanafunzi tukafupisha. Walimu wa shule ya msingi hawakupendezwa hata kidogo, lakini hakuna aliyewauliza.

Alikuwa mfupi, mabega mapana, shingo karibu hana. Akikaa nyuma ya usukani wa lori lake, aliyesimama barabarani aliona kofia tu inapita. Lori lenyewe lilikuwa limekwisha. Lilibeba mpunga wa bondeni, likabeba ufuta wa Ikwiriri, likabeba boriti za mikoko kutoka kwetu deltani, mpaka tajiri wake akachoka nalo akamwachia Mwalimu badala ya kiinua mgongo. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya mkonge. Honi ililia ikitaka yenyewe. Kwa chombo hicho alifundisha udereva karibu kila mtu aliyeshika usukani kati ya Mbwara na Kibiti, na mimi nikiwemo.

Nilikwenda kwake baada ya kuachwa na mume. Mume wangu alisema nina mdomo, jambo ambalo alilijua tangu siku ya posa. Nikatoka kisiwani kwetu, mahali ambako watu huzaliwa na kuzeeka bila kuona gurudumu, nikahamia kwa shangazi yangu Kibiti. Nikasema nitaendesha lori. Shangazi alicheka mpaka akaketi chini. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza swali ambalo, nilikuja kujua baadaye, alimuuliza kila mtu.

"Una hasira?"

"Ninayo, Mwalimu. Tena nyingi."

"Haya. Iwache pale nje, chini ya ule ukuta. Utaikuta ukishuka."

Tangu siku hiyo aliniita bwana dereva, kama alivyowaita wanaume. Nilipomwambia mimi ni mwanamke alinitazama kama nimemwambia leo ni Jumanne. Alikubali, akaendelea kuniita bwana dereva.

Siku za kwanza usukani huugusi. Unalizunguka gari, unainama kutazama kama linavuja, unagonga matairi kwa nyundo na kusikiliza. Kisha anakukalisha injini ikiwa imezimwa, akuulize unaona nini. Ukisema barabara, umekosa. "Anayelinda mpunga juu ya dungu," alisema, "hatazami shuke moja. Anatazama shamba, anatazama ukingo wa shamba, anatazama kichaka atakakotokea nguruwe. Haya, bwana dereva, nguruwe wako yuko wapi?" Tukaanza kuwatafuta nguruwe: mbuzi nyuma ya genge, mtoto anayefukuza mpira, baiskeli yenye magunia ya mkaa ambayo mwenyewe haoni mbele. Mpaka leo nikiendesha nawahesabia watu unguruwe, Mungu anisamehe.

Kurudi nyuma tulijifunzia kwenye vinu. Alikusanya vinu vya kutwangia vya mkewe na vya majirani, akavipanga uwanjani, na wewe upitishe lori katikati ukitazama vioo tu. Ukiangusha kinu, unakwenda kutwanga mpunga wa nyumba yenye kinu kile, mchana ule ule, mbele za watu. Nimewaona wanaume wazima wenye ndevu wakitwanga huku jasho linawatoka na watoto wamejipanga kuwashangilia. Mkewe Mwalimu alikuwa akitushangilia pia, lakini kwa sababu zake. Alisema tangu mumewe aanze kufundisha, yeye mikono imepumzika.

Hakuwahi kumfokea mwanafunzi. Alilifokea lori. Ukiingiza gia vibaya likakwaruza, alililaumu lenyewe: "We nawe, mtu mgeni hata humsaidii!" Na wewe unakaa pale umeinamisha kichwa kwa aibu ambayo haikuwa yako. Alikuwa jasiri kwenye matope ya masika, lori likilala ubavu hashtuki, lakini pikipiki aliiogopa kufa. Pantoni nayo, mtoni Ndundu, alivuka akiwa amefumba macho na midomo inasoma dua. Nikamtania kwamba mtu wa Rufiji anaogopa Rufiji. Akanijibu kwamba anayeijua ndiye anayeiogopa, na mimi mtu wa deltani nilipaswa kumwelewa.

Jambo lililomtoa katika upole wake lilikuwa maji ya dawa. Siku zile, mtu akikaribia mtihani wa leseni, alikuwa anakwenda kwa mganga kuchukua chupa ya maji, ananyunyizia matairi ili trafiki awe laini. Mwenzetu mmoja alikuja na chupa yake. Mwalimu aliinyakua akaimwaga mchangani.

"Babu yangu alipewa maji," alisema. "Akaambiwa risasi ya Mjerumani itayeyuka. Mtafute umuulize iliyeyuka vipi. Hapa tunaamini breki."

Huku kwetu kila ukoo una habari yake ya Maji Maji, na wengi huitia chumvi. Ukisikiliza vizuri barazani, utadhani Wajerumani walipigwa wakakimbia. Habari ya Mwalimu haikuwa na ushujaa ndani yake, na pengine ndiyo maana niliiamini.

Lakini kwanza niseme alichokitaka, kwa sababu kila kitu kilikwama hapo. Alitaka kuendesha basi. Leseni yake ilikuwa ya magari ya mizigo. Kubeba abiria kulihitaji leseni nyingine na mtihani mwingine barabarani. Alikuwa amebeba mpunga maisha yake yote. Alitaka mizigo inayosema ahsante. Alitaka kusimama kituoni, ashuke, wamama wamwambie "Mwalimu, tufikishe salama," naye awafikishe. Akilisikia basi la Lindi linapunguza gia kwenye kona ya soko, aliacha hata chakula, akatoka nje kulitazama. Mkewe alikuwa amemshonea shati jeupe la kazi hiyo, likakaa sandukuni na nondo. Na kulikuwa na mtu Ikwiriri mwenye basi lake moja, zuri, lenye viti vya kitambaa, ambaye alimwahidi mbele ya watu: siku ukija na leseni, basi ni lako kuendesha. Mtu yule alimaanisha. Dereva aliyekuwa naye alikuwa mlevi.

Sasa kuna bonde lililomkwamisha.

Katika barabara ya zamani, kabla hujafika Ikwiriri, kulikuwa na mahali barabara ilishuka kidogo, ikapita juu ya kalavati, ikapanda tena penye kichuguu kikubwa. Hakuna cha kutazama pale. Majani marefu, na maji yametuama wakati wa masika. Mara ya kwanza Mwalimu aliponipeleka barabara kuu, tulipofika kalavati aliniambia nisimame, nivute breki ya mkono. Akavua viatu. Akafungua kamba ya mlango, akashuka.

"Twende," alisema kutoka chini.

"Na nani, Mwalimu?"

"Na nani tena? Gia ya kwanza. Usinipite, usiniache."

Akaanza kwenda kwa miguu kando ya barabara, viatu mkononi. Nami nikabaki peke yangu ndani ya lile dude, nikiliendesha kwa mwendo wa mzee anayetembea. Nikienda haraka namwacha, nikisitasita linazimika. Mguu wa kushoto uliuma kwa kuishika klachi nusu njia. Nilipofika kichuguu nilikuwa nimelowa jasho kama niliyetoka mtoni, naye akavaa viatu, akapanda, akafunga kamba yake. Hakunisifu wala hakunikosoa. Nilidhani ndiyo somo lenyewe. Sote tulidhani hivyo. Kila dereva wa kwetu aliendesha peke yake kwa mara ya kwanza katika bonde lile, na kule kuachia klachi taratibu ninakokusema tulikupata pale.

Ni mkewe aliyenieleza, tukichambua mchicha. Baada ya vita kuelemea watu, askari wa Mjerumani waliwanyonga wanaume mahali pale, kwenye mti ambao siku hizi haupo. Babu yake Mwalimu alikuwa mmoja wao. Wakakatazwa kuzikwa. Siku ya pili bwana mkubwa wa Kijerumani akapita njia ile ile amelala kwenye machela, kitambaa cheupe juu yake kumkinga jua, amebebwa mabegani na vijana wa hapo hapo waliokamatwa kwa kazi. Alipita chini ya miguu ya waliokufa, akiwa amebebwa. Mmoja wa wabebaji alikuwa mdogo wake huyo babu. Ndiye aliyesalimika, ndiye aliyerudi nyumbani, na neno alilowaachia watoto wote wa ukoo lilikuwa moja: hapo hapapitwi na mtu wetu amebebwa. Si kwa punda, si kwa baiskeli, si kwa gari. Unashuka, unavua viatu, unapita kwa miguu yako.

Nilimuuliza Mwalimu anawezaje kumwaga maji ya mganga halafu anashuka kwenye gari kwa sababu ya machela ya zamani zile. Hakukasirika. "Maji yalitaka niamini," alisema. "Hili halitaki niamini kitu. Linataka nishuke tu."

Mtihani wa leseni ya abiria ulifanyika kwa basi, na mkaguzi alitoka Dar es Salaam. Njia yake ilikuwa moja: Kibiti kwenda Ikwiriri, na kurudi. Mwalimu aliomba apimwe kwa upande wa kaskazini, hata mpaka Mkuranga akitaka. Mkaguzi akasema barabara haichaguliwi. Wakaenda. Kwenye kalavati Mwalimu akasimamisha basi kwa ustadi wote, akavuta breki, akavua viatu, akamgeukia yule bwana.

"Afande, naomba ushike usukani hapa pafupi tu."

Mkaguzi alidhani mzee anaumwa. Alipoelezwa, nasikia hakumdhihaki. Alimuuliza tu: "Na abiria wako, Mwalimu? Kila siku watakungoja utembee?"

"Kondakta atakuwa na leseni. Atavusha yeye. Watanizoea."

Hilo ndilo lililokuwa wazo lake, na alilitunza kichwani miaka yote ile kama mtu mwenye akili timamu. Alifikiri kampuni, trafiki na abiria wa Lindi wote watakaa kimya kwenye viti vyao kila siku huku dereva anatembea pekupeku. Nilimwambia usoni kwamba huo ni utoto. Alinijibu kwamba kwenye pantoni abiria wote hushuka wakatembea, na hakuna anayelalamika. Na hilo ni kweli.

Akafeli. Akangoja, akaomba tena, akafeli tena pale pale. Yule mwenye basi akatuma ujumbe kwamba hawezi kungoja milele. Mkewe akalia. Shekhe alimwita akamwambia hakuna jambo hilo katika dini, ardhi yote ni ya Mungu. Sisi wanafunzi tulikwenda kwake kundi zima, tumevaa vizuri kama watu wa posa, tukamsihi apite mara moja tu, apate karatasi yake, mengine tutayajua mbele. Mimi ndiye niliyesema sana, mdomo ninao. Nilimwambia waliokufa wameshakufa, na yeye ana nyumba inayovuja. Alisikiliza mpaka mwisho, akatuandalia chai.

Safari iliyofuata tulikuwamo ndani ya basi, tumekaa viti vya nyuma ili liwe na uzito wa watu. Alivaa lile shati jeupe. Aliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona mtu akiendesha. Ungeweza kuweka kikombe cha chai sakafuni. Tulipokaribia kalavati nilimwona anavua viatu kwa kisigino, kimoja, na kingine, bila kutazama chini. Akashusha gia. Basi halikusimama. Tulipita bonde lote kwa mwendo ule ule wa mzee anayetembea, yeye nyayo zake tupu juu ya pedeli. Kwenye kichuguu akaongeza mwendo. Wakati wa kurudi akapita tena. Tulipofika Kibiti mkaguzi akamshika mkono, akamwambia amefaulu, ila dereva wa abiria avae viatu.

Tukapiga vigelegele. Yeye alishuka akaenda moja kwa moja msikitini, na haukuwa wakati wa sala.

Kabla leseni haijarudi kutoka Dar es Salaam, mwenye basi aliumwa, akafa. Wanawe waliliuza basi kwa mtu wa kusini, ambaye alikuja kulichukua na dereva wake mwenyewe. Niliumia sana. Leseni ilipofika, Mwalimu aliitazama picha yake kwa muda, akampa mkewe aiweke. Alizunguka kwa wenye mabasi wengine, na wote walimwambia maneno ya heshima. Alishakuwa mzee, ndiyo kweli yake, na vijana tuliofundishwa naye ndio tuliokuwa tumejaa kwenye viti alivyoviomba. Hakunilaumu hata siku moja kwa maneno yale niliyomwambia. Ningependa angenilaumu.

Aliendelea kufundisha kidogo, lakini hapo uwanjani tu, kwenye vinu. Barabara kuu, yenye lile bonde, hakuwapeleka tena wanafunzi. Wakawa wanafeli, wakaacha kuja, na lori likaota majani mpaka kwenye madirisha. Mkewe akatangulia mbele ya haki. Kisha lami ikaja. Wakandarasi walikata kona, wakajaza mabonde kwa kifusi, wakanyoosha njia mpaka ukitoka Kibiti waweza kufika Ikwiriri bila kubadili gia. Kichuguu kilisombwa. Kalavati la zamani likabaki chini huko ndani ya udongo, au kando, ndani ya mashamba ya watu. Wengine wanasema hivi, wengine vile. Sisi madereva tulifurahi. Nilikuwa nimeshapata leseni ya abiria, naendesha basi, na bonde lile lilikuwa limekula springi zangu mara nyingi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa asubuhi, jua limeshakuwa kali. Nilitoka Kibiti nimejaza abiria. Mbele yangu, pembeni mwa lami, mtu mfupi anatembea, viatu mkononi. Nilijua mabega yale. Nikasimamisha, nikashuka, nikamwamkia. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alinitambua kwa sauti.

"Marahaba, bwana dereva. Abiria hawajambo?"

"Hawajambo. Unakwenda wapi juani, Mwalimu?"

Alikuwa anakwenda kwa binti yake, aliyeolewa Ikwiriri. Kumbe kila akienda huenda hivyo. Watu wa njiani wamemzoea. Wanamwekea maji ya kunywa. Nikamwambia apande, nitampeleka bure, kiti cha mbele, na tukifika pale pake nitasimama ashuke, hata kama abiria watanitukana.

"Pale wapi?" akauliza.

"Bondeni, Mwalimu."

"Ndiyo nakuuliza. Wamelifukia. Nilitafuta kichuguu, sikukiona. Nikatafuta kwa miguu, nikidhani udongo nitausikia, nao ni lami tupu. Sasa nitajuaje ni wapi pa kushukia? Bora nitembee yote." Akanigeuzia uso. "Wewe una macho, unapita kila siku. Ni wapi? Nionyeshe tu, kisha nitapanda."

Nikatazama mbele, nikatazama tulikotoka. Barabara ilikuwa sawa, nyeusi, ufuta huku na huku. Nikajaribu kukumbuka mti wowote, mpindo wowote wa ardhi. Kondakta alikuwa anagonga bodi, abiria wananiita.

"Sijui, Mwalimu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama vile mtu aliyeulizia bei tu.

"Niliwapitisha wote pale," alisema. "Nilidhani hata mmoja wenu angekumbuka."

Kisha akanipa mkono, akanitakia safari njema, akaendelea kutembea.